Eti nikasome fizikia ya sekondari! Huyu mtabiri wetu wa matetemeko kanichosha

Wakuu, nina hasira hata usingizi sijapata. Yule jamaa wa ishara za umeme, simtaji, mnamjua wote. Jana tetemeko limeshapita, dunia nzima ina habari, ndipo anaibuka na grafu yake: "Nilisema!" Nikamuuliza kwa adabu zote: ulisema wapi, lini, na ukubwa gani? Akanijibu mbele ya watu: "Kasome kwanza fizikia ya sekondari."

Fizikia ya sekondari! Mimi! Nimeuliza mambo matatu tu, na bila hayo hakuna utabiri.

Njia yenyewe naijua. Ni ile VAN ya Varotsos, Alexopoulos na Nomikos, Ugiriki, miaka ya 1980. Unafukia elektrodi ardhini jozi kwa jozi, unapima volti kati yake, unangoja miamba iliyobanwa itoe mkondo kabla haijakatika. Sawa. Ila treni ya umeme, kiwanda, hata mvua, vyote vinachezesha hiyo mistari. Ishara za kituo cha Ioannina, hukohuko Ugiriki, za Aprili 1995, zilizohusishwa na tetemeko la Kozani la Mei 13, wanasayansi wengine walizichunguza wakaona zinaelekea kuwa umeme wa viwandani. Na Ugiriki inatetemeka kila mara. Ukijipa nafasi ya kukosea ya kilomita 100 na wiki kadhaa, utakosaje kupatia?

Halafu nikasome fizikia ya sekondari! Mtu ambaye friji ikinguruma anatoa onyo la ukubwa wa 6!

Ufa_Mkubwa: Nilikuwepo mkuu. Ulivyoambiwa ukasome ulinyamaza kama umeme umekatika 😂😂

BintiMiamba: Mleta mada punguza jazba. Seiya Uyeda, mwanajiofizikia wa Japani, hakuwa mtu wa mchezo, na aliiunga mkono VAN. Mwaka 1996 jarida la Geophysical Research Letters walitoa toleo maalumu kuijadili. Upuuzi haupewi toleo.

Mleta mada: Toleo maalumu, na hata utabiri upi uhesabiwe kuwa umetimia hawakukubaliana! 1997 mtaalamu wa matetemeko Geller na wenzake wakaandika kwenye jarida la Science kwamba matetemeko hayatabiriki. Nao wakasome fizikia ya sekondari?

Mzee wa Sumaku: Mnalia na volti, mie je? Tetemeko la Loma Prieta, California, 1989, kifaa cha kupima sumaku cha Corralitos, karibu na hapo, kilionyesha mawimbi ya sumaku kabla ya tetemeko. Nimewahubiria watu miaka! 2009 wakachambua upya, wakasema inaelekea kifaa kilikuwa na hitilafu. Nani atanirudishia heshima yangu?

Kishindo: Bora wewe. Tetemeko la Parkfield, California, wataalamu walituambia litakuja kabla ya 1993 kwisha. Likaja 2004!

BintiMiamba: Angalau mahali walipatia.

Ufa_Mkubwa: Kuchelewa miaka 11 nako ni kupatia? Dada, acha.

Nyoka_Hadanganyi: Mngewasikiliza wanyama msingegombana. Haicheng, China, 1975, nyoka walitoka mashimoni kwenye baridi kali, watu wakahamishwa, wengi wakapona.

Kishindo: Na tetemeko la Tangshan, China hiyohiyo, 1976? Wamekufa zaidi ya watu 240,000. Hao nyoka walikuwa wapi?

BintiMiamba: Haicheng kulitangulia mitetemo midogo mingi, ndiyo iliyowashtua watu. Tangshan haikuwepo ya namna ile.

Nyoka_Hadanganyi: Kwa hiyo nyoka hawakutoka? Jibu ndiyo au hapana.

Mzee wa Sumaku: Walitoka. Tuendelee na Corralitos sasa.

Nyoka_Hadanganyi: Hatuendelei popote mpaka Kishindo awaombe radhi nyoka.