Tupeane uzoefu: simbilisi wako alipougua ghafla, ulikuwa na nini mkononi?

Nyasi Kavu
Habari zenu wafugaji. Wiki iliyopita nimempoteza simbilisi (guinea pig) wangu wa miaka minne, na kinachoniuma ni kwamba usiku ule sikuwa na chochote. Jioni aligoma kula. Nikasema labda ameshiba, nitamtazama asubuhi. Kulipokucha alikuwa amejikunyata kwenye kona, manyoya yamesimama, tumbo limejaa na kukaza kama ngoma. Daktari wa mifugo niliyempigia akasema hatibu wanyama hawa. Tulipompata mwingine, muda ulikuwa umekwisha. Nimebaki na mmoja. Naomba mwenye yaliyomkuta aeleze: ilikuwaje, na leo umeweka nini tayari?

Mama Pacha
Pole sana, ndugu yangu. Usijilaumu mno. Simbilisi huficha maradhi kwa sababu ni mnyama wa kuwindwa, na anayeonekana mnyonge ndiye anayekamatwa. Ukimwona amejikunyata, ujue ameumwa tangu zamani.

Mimi kilichoniokolea wangu ni mizani ya jikoni. Nampima kila wiki na kuandika kwenye daftari. Alikuwa na gramu 1,050, wiki iliyofuata 990. Kwa macho huoni kitu, bado anapiga mbinja akisikia mfuko wa majani. Nikaanza kumpima kila siku, na siku ya tatu akawa 955. Daktari alipomfungua kinywa, magego yalikuwa yamerefuka na kuubana ulimi. Meno yao yote hayaachi kuota maisha yao yote. Alikatwa meno, nikamlisha kwa bomba la sindano siku kadhaa, akarudi kula mwenyewe. Nisingekuwa na daftari lile ningesubiri mpaka agome kabisa.

Mlezi wa Watano
Mama Pacha kasema kweli. Naongeza la dawa, maana ndilo lililoniumiza. Wangu alikuwa na mafua, nikampa amoksisilini iliyobaki nyumbani. Siku chache tu akaanza kuharisha, akafa. Baadaye nilielezwa kwamba amoksisilini na dawa za jamii ya penisilini, zikipita mdomoni, huua bakteria wazuri wa utumbo wa simbilisi, na wale wabaya hujaa na kutoa sumu. Tafadhali sana, dawa za watu zisiingie kwenye kisanduku chake cha dharura.

Na daktari mtafute sasa, mnyama akiwa mzima. Muulize kama amewahi kutibu simbilisi. Mimi niliwahi kuambiwa mahali fulani nimlaze wangu bila kula kabla ya upasuaji, kama mbwa. Simbilisi hawezi kutapika, na utumbo wake ukikaa mtupu husimama. Nikaenda kwingine.

Kijana wa Banda
Mkasa wangu ulikuwa wa joto. Banda lilikuwa kivulini, jua likazunguka likalifikia. Nilimkuta amelala ubavu, anahema upesi, mate yanamtoka. Nilimfunika kitambaa chenye maji ya kawaida, siyo ya barafu, nikakimbia naye kwa daktari. Alipona. Sasa nina kipimajoto bandani, na kikipita nyuzi 26 nawahamishia ndani.

Nyasi Kavu
Asanteni sana. Mama Pacha, hilo la kulisha kwa bomba unalifanyaje? Ningemlisha usiku ule angepona?

Mama Pacha
Hapana, na hili wote mlishike: tumbo likiwa limejaa hewa na kukaza, usimlazimishe chakula. Huyo ni wa kupelekwa kwa daktari saa ileile, hata usiku wa manane. Usingemponya kwa bomba.

Kwa aliyegoma kula lakini tumbo ni laini, nasaga peleti zake (chakula chake kikavu cha vipande vidogo), naziloweka kwa maji ya vuguvugu mpaka ziwe uji unaopita kwenye bomba la mililita 1 lisilo na sindano. Namfunga taulo, naingiza bomba kwa pembeni, nyuma ya meno ya mbele, kidogo kidogo, nangoja atafune na kumeza. Ukisukuma haraka uji unaingia mapafuni. Na hii ni ya kumshikilia tu njiani. Akikaa muda wa saa 12 bila kula, mimi huwa nimeshampigia daktari.

Vitamini C pia iwepo, kwa kuwa mwili wake hauitengenezi. Usiitie kwenye maji, huharibika upesi, mpe mdomoni.

Mlezi wa Watano
Na kasha la kubebea likae na taulo na nyasi zake muda wote. Usiku wa dharura utatafuta funguo tu.

Nyasi Kavu
Nimempima leo: gramu 940. Nimeandika ukurasa wa kwanza wa daftari. Nimempata daktari anayetibu simbilisi, na mwingine wa usiku. Namba zote mbili nimezibandika juu ya banda. Kesho natafuta mabomba.