Mrejesho: maandalizi ya kolonoskopi, Moshi

Wadau, niliuliza makande na mchicha viachwe lini kabla ya kipimo cha utumbo mpana. Kimefanyika, shukrani sana. Jibu: siku 3 kabla. Wali mweupe, sembe na mayai ruksa. Vidonge vya madini ya chuma viachwe wiki nzima, huacha weusi unaong'ang'ania utumboni. Siku ya mwisho kabla ya kipimo, chai ya rangi na supu iliyochujwa. Rozela hapana, wekundu wake hudhaniwa damu.

Dawa ya kusafisha utumbo lita 4: mbili jioni hiyo, mbili kuanzia saa 10 alfajiri kwa kipimo cha saa 4 asubuhi, mililita 250 kila dakika 15. Ikiwa baridi hunyweka vizuri zaidi. Jamani, ya alfajiri msiiruke! Usiku utumbo hujipaka ute na nyongo upya. Choo kiwe majimaji ya njano, angavu kama mkojo.