Msaada wakuu: leseni ya programu ya ramani za biashara inaniruhusu kufanya nini hasa?

MzigoMezani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wenu kabla sijatoa hela.

Nasambaza bidhaa kwa maduka ya rejareja. Wateja wangu ni kama 1,400, wote wamo kwenye faili moja la Excel: jina la duka, anwani, namba ya simu, siku ya kupelekewa mzigo na wanachonunua kwa mwezi. Nina madereva wanne na maofisa mauzo watatu. Kila mmoja ana ramani yake kichwani, na akiacha kazi anaondoka nayo. Juzi ofisa mmoja aliondoka, tukakaa wiki mbili tukiwapigia wateja wake mmoja mmoja kuwauliza duka liko upande gani wa barabara. Hapo nikaamua wateja wote waingie kwenye ramani ya kampuni.

Nimejaribu programu mbili kwa kipindi cha majaribio na zote nimezipenda. Tatizo ni masharti ya leseni, nimeyasoma mara tatu na bado yananichanganya. Leseni ya mtu mmoja nikiiweka kwenye kompyuta ya ofisini na kwenye laptopu yangu, nimekosea? Maofisa watatu wakitumia nenosiri moja kwa kupokezana je? Naruhusiwa kuchapa ramani nimpe mteja, au niiweke kwenye tovuti yetu? Siku nikiacha kulipia, zile nukta 1,400 za wateja kwenye ramani zinabaki kwangu? Halafu kuna jamaa kaniambia zipo programu za bure kabisa. Kama ni kweli, kwa nini watu wanalipia?

NuktaNaMstari

Mkuu, swali lako la nukta ndilo zito kuliko yote, naanza na hilo.

Ukinunua programu ya ramani unadhani umenunua kitu kimoja, kumbe ni vitatu vilivyofungwa pamoja, na kila kimoja kina mwenyewe. Cha kwanza ni programu yenyewe. Cha pili ni ramani ya chini, yaani barabara, mito na majina ya mitaa yanayoonekana nyuma ya nukta zako. Hiyo mara nyingi hata muuzaji wako ameikodi kwa mtu mwingine. Cha tatu ni huduma ya kugeuza anwani kuwa latitudo na longitudo. Watu husoma masharti ya kile cha kwanza, wakaridhika. Kinachokuja kuwaumiza ni cha tatu.

Orodha yako ya wateja ni yako, hilo halina mjadala. Lakini latitudo na longitudo ulizopewa na huduma ya mtu zinaweza kuja na kamba mguuni. Chukua Google Maps Platform: masharti yao ya huduma ya kutafuta anwani yanakuruhusu kuhifadhi latitudo na longitudo kwa muda tu, siku 30 mfululizo, baada ya hapo uzifute. Unachoweza kukaa nacho bila kikomo ni kitambulisho cha mahali, ambacho ukikihitaji tena unarudi kwao kuuliza. Kwa hiyo mtu aliyejaza safu mbili za latitudo na longitudo kwenye Excel kwa huduma hiyo, akazihamishia kwenye programu nyingine mwaka mmoja baadaye, amevunja mkataba bila kujua.

Sisemi wote wako hivyo. Wapo watoa huduma wanaouza haki ya kuhifadhi moja kwa moja, wakiiweka kama daraja tofauti la malipo. Mwulize muuzaji kwa maandishi: "Nukta mlizonitengenezea naruhusiwa kuzitoa kama CSV (faili la jedwali la maandishi) na kuzitumia nje ya programu yenu, hata nikiacha kulipia?" Jibu likija la kuzungukazunguka, usilipe kwanza.

Dada_wa_Data

Nakujibu ya kompyuta na nenosiri, maana nimesimamia leseni za ofisi kwa miaka mingi.

Inategemea leseni imefungwa kwenye nini. Ikiwa imefungwa kwa mtu kwa jina lake, mara nyingi mtu huyo anaruhusiwa kuiweka kwenye mashine zaidi ya moja, mradi ni yeye anayeitumia. Hapo laptopu yako haina shida. Ikiwa imefungwa kwenye mashine, kuna idadi ya mashine unazoruhusiwa kuiwasha, na kompyuta ikifa kabla hujaizima leseni yake utaomba muuzaji akurudishie nafasi. Ya tatu ni leseni ya kupokezana: inakaa kwenye seva, mnaweza kuwa watu kumi lakini wanaoingia kwa wakati mmoja hawazidi idadi mliyolipia.

Maofisa wako wanaopokezana wanahitaji hii ya tatu. Kuchangia nenosiri la leseni ya mtu mmoja ni kosa karibu kwenye kila mkataba niliousoma. Na hata ukiliacha suala la mkataba, kazi yenyewe inaharibika. Mmoja akisogeza nukta ya mteja kimakosa, kumbukumbu inaonyesha jina moja kwa wote watatu na huwezi kujua wa kumwelekeza. Kumbuka ofisa wako ameshaondoka. Angekuwa na nenosiri la pamoja, ungelibadilisha siku ileile?

Jingine: usidhani kila mtu anahitaji leseni kamili. Dereva anahitaji kuona tu. Programu nyingi zina akaunti ya mtazamaji ya gharama ndogo, au zinakuruhusu kutoa PDF au faili la ramani la KML ambalo dereva analifungua kwenye simu. Wanaohariri pale kwako huenda ni wawili tu.

RamaniHuru

Nije kwenye za bure, kwa sababu hapa watu huchanganya mambo.

QGIS ni programu huria ya kuchora ramani, ilianza mwaka 2002 na iko chini ya leseni ya GPL. Biashara inaruhusiwa kuitumia, unaiweka kwenye kompyuta zote za ofisi bila kuhesabu, na hakuna kipindi cha majaribio kinachoisha. Mtu akikutisha kwamba GPL itakulazimisha uweke ramani zako hadharani, mkatalie. Masharti ya GPL yanamshika anayesambaza programu yenyewe au aliyoibadilisha. Ramani uliyoichora nayo ni yako.

Ramani ya chini unaweza kutumia OpenStreetMap, mradi wa ramani inayochorwa na wachangiaji, ulioanza 2004. Tangu 2012 data yake iko chini ya leseni iitwayo ODbL. Kwa kazi yako ina mambo mawili. Ukichapa ramani ukampa mteja, au ukaiweka kwenye tovuti, unaruhusiwa kabisa hata kibiashara, lakini lazima uwataje wachangiaji wa OpenStreetMap mahali panapoonekana. Pili, ukiirekebisha hifadhidata yao, kwa mfano ukaongeza barabara zilizokosekana, kisha ukaitoa hadharani, unatakiwa uitoe kwa leseni ileile. Orodha yako ya wateja iliyokaa juu ya ramani kama tabaka la pembeni haiguswi na sharti hilo. Mauzo yako hakuna atakayekudai uyaanike.

Ila data kuwa huru haina maana kwamba seva zao ni za kuchota bila kipimo. Kwenye seva ya umma ya Nominatim, ile ya kutafuta anwani, mwisho ni ombi moja kwa sekunde, kutoka mashine moja, na majibu uyahifadhi upande wako usirudie kuuliza. Anwani zako 1,400 kwa mwendo huo ni kama dakika 24. Subiri hizo dakika. Anayefyatua maombi mia kwa sekunde anafungiwa, na anawaharibia wengine huduma inayoendeshwa kwa michango.

KaziNjeYaOfisi

Naheshimu alichosema RamaniHuru, lakini QGIS ya bure nayo unailipia kwa muda wako, na hilo lisemwe wazi.

Niliianza peke yangu. Siku ya kwanza nilitaka kuchora duara la kilomita 5 kuzunguka kila ghala. Nikaandika 5, nikabonyeza, duara likafunika nchi nzima na kuingia kwa majirani. Kumbe data yangu ilikuwa kwenye mfumo wa digrii, EPSG:4326 (EPSG ni namba za kutambulisha mifumo ya kupima mahali kwenye ramani), kwa hiyo nilikuwa nimeomba digrii 5. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Nikahamia EPSG:3857 ambao unahesabu kwa mita, nikadhani nimepona; kumbe huo nao unavuta umbali kadiri unavyoondoka kwenye ikweta, na ukifika latitudo ya 60 unaonyesha mara mbili ya ukweli. Dawa ikawa kutumia kanda ya UTM ya eneo langu, yaani mfumo unaoigawa dunia katika kanda na kupima kwa mita. Hayo yamenichukua wiki nzima, na hakuna programu ya kulipia niliyoitumia baadaye iliyoniuliza hata mara moja kuhusu EPSG.

Na duara lenyewe halikunisaidia. Duka lililo kilomita 3 kwa mstari mnyoofu lilikuwa ng'ambo ya mto, na daraja liko mbali, safari ikawa kilomita 14. Unachohitaji kwa madereva ni eneo la muda wa kuendesha: kutoka ghalani, dakika 30, gari linafika wapi. Hapo programu za kulipia zinajitetea, kwa sababu unabonyeza mara moja. Kwenye QGIS inawezekana pia, lakini utaunganisha huduma ya njia kutoka nje, na hiyo nayo ina leseni yake na kikomo chake cha maombi. Tunarudi kwa aliyosema NuktaNaMstari.

MzigoMezani

Nawashukuru sana. Jumamosi nimejaribu QGIS na sehemu ya faili, na nimekwama mahali ambapo sikutarajia.

Nukta 37 zimeangukia baharini, zote mahali pamoja, ghuba ya Guinea kusini mwa Ghana. Nyingine zimekaa vizuri lakini majina si yenyewe. Dereva alikwenda kwenye nukta iliyoandikwa jina la mteja mmoja, akakuta duka la mtu mwingine tuliyemhudumia miaka yote. Mzigo ukarudi ghalani. Imeniuma kwa sababu nilikagua mara mbili kabla ya kumtuma. Kosa ni la programu au ni langu?

Dada_wa_Data

Ndugu, ni la faili, na hata programu ya bei kubwa kuliko zote ingekufanyia hivyohivyo.

Zile 37 hazina latitudo na longitudo. Seli tupu imesomwa kama sifuri, na sifuri kwa sifuri ndipo hapo ghuba ya Guinea, ikweta inapokutana na meridiani ya Greenwich. Zichuje uzitafutie nukta upya.

Za majina kubadilishana, nadhani ulipanga safu ya majina kialfabeti peke yake, Excel ikakuuliza kama upanue uteuzi ukakataa. Majina yakahama, nukta zikabaki zilipokuwa. Hilo halirekebishiki kwa mkono, rudi kwenye nakala ya zamani. Kuanzia sasa kila mteja apewe namba isiyobadilika, nukta zifungwe kwenye namba hiyo.

Kagua pia usije ukawa umegeuza latitudo na longitudo. Latitudo haipiti 90, ikizidi ujue kuna kosa. Lakini kama namba zako zote mbili ziko chini ya 90, programu itapokea kimya na kukupeleka bara jingine.

MzigoMezani

Ni kweli dada, nilipanga safu moja. Nakala ya mwezi uliopita ninayo, nimeirudisha, majina yamekaa.

NuktaNaMstari

Kwa wale 37 usisumbuke na anwani. Kama anwani zenyewe ni hafifu, hakuna huduma itakayozipata, itakupa katikati ya mtaa halafu uamini kwamba ndipo duka lilipo. Mwambie dereva asimame mlangoni, afungue simu, arekodi nukta. Mahali pa wazi simu ya kawaida inakosea kama mita 5, inatosha kabisa kwa lango la duka. Aandike desimali tano. Ya tano ni karibu mita moja.

Na hapa ndipo ningependa ufike kwa wateja wote, polepole, kila gari linapopita. Nukta iliyorekodiwa na watu wako kwa simu zenu haina masharti ya siku 30 wala ya kutaja mtu. Ukihama programu kesho unahama nayo.

RamaniHuru

Naongeza moja ambalo halijaguswa: unapotuma faili kwenye huduma ya kutafuta anwani, tuma safu ya anwani na ile namba ya mteja tu. Majina, simu na manunuzi ya mwezi viache nyumbani, huduma haivihitaji. Wateja wako wengi ni watu binafsi, na nchi nyingi zina sheria ya kulinda taarifa zao; Umoja wa Ulaya unatumia GDPR tangu Mei 2018. Ramani ya tovuti nayo ionyeshe duka tu, bila namba ya simu ambayo mwenyewe hajairuhusu.

MzigoMezani

Nimewaandikia wauzaji wote wawili lile swali la CSV. Mmoja amejibu ndani ya saa moja: nukta naruhusiwa kuzitoa na kubaki nazo, na akanitajia kifungu cha mkataba. Wa pili amenitumia kipeperushi cha bidhaa. Nimemwandikia tena, kimya.

Nachukua kwa huyo wa kwanza leseni mbili za kuhariri, mimi na ofisa mauzo mkuu, madereva wapate PDF kila asubuhi. QGIS naiacha kwenye kompyuta ya ofisini nijifunze. Dereva wa kwanza ametoka leo na karatasi ya wateja 37, hadi mchana ameshaleta nukta 11.

KaziNjeYaOfisi

Vizuri mkuu. Kabla hujalipia, mwulize huyo muuzaji ramani ya chini inasasishwa mara ngapi, na kama ni ndani ya malipo. Programu ya ramani ya Microsoft MapPoint iliposimamishwa mwishoni mwa 2014, waliokuwa na leseni ya kudumu waliendelea kuifungua, ila barabara zikabaki zilezile za toleo la 2013. Barabara mpya zilifunguliwa, wao hawakuziona.

MzigoMezani

Hilo sikulifikiria. Namwandikia sasa hivi.