Tupeane uzoefu: tabia gani ya kiongozi wa kanisa ilikujenga, ipi ilikuumiza?

Mwanzisha mada: Tumesomewa 1 Timotheo 3 ibadani, nikashtuka. Asiwe mgomvi, asipende fedha, awe mpole, mkaribishaji, asimamie vema nyumba yake. Karibu yote ni tabia. Kipaji ni kimoja tu, kujua kufundisha. Sisi tunachagua kwa sauti na ufasaha. Wenzangu mmeona nini?

Mwanakwaya: Unyenyekevu. Mengine yatafuata.

Mzee wa kanisa: Mimi nasema uaminifu kwenye sadaka. Mchungaji wetu hagusi hela akiwa peke yake. Paulo mwenyewe hakubeba changizo peke yake, soma 2 Wakorintho 8, alitaka lionekane safi mbele za Mungu na mbele za watu pia.

Dada Neema: Mmenigusa kidonda. Mimba yangu iliharibika, nikashindwa kabisa kuomba. Nikamwendea mchungaji, nikamweleza kwa machozi, akaniombea. Baadaye yuko madhabahuni anahubiri juu ya imani, nasikia: "Humu ndani kuna dada amepoteza mtoto, sasa amemsusia Mungu." Jina hakutaja, ila shingo zote ziligeuka upande wangu. Mume wangu hakuwa anajua kwamba nimeacha kuomba. Alijulia pale pale, kwenye benchi. Ibada ilipoisha akina mama wakanizunguka wanikemee pepo. Nilipomfuata mchungaji ofisini akaniambia habari yangu imewafungua wengi. Hakuomba msamaha. Kwa hiyo mimi nikiulizwa sifa ya kwanza, ni kifua. Kiongozi awe na kifua.

Mwanakwaya: Pole sana dada. Nafuta jibu langu, kifua kwanza.

Mlinzi wa lango: Poleni, ila tuwe makini. Zaburi 105 inakataza kuwagusa masihi wa Bwana, yaani wapakwa mafuta wake. Yaacheni kwa Mungu.

Msomaji wa Neno: Ndugu, zaburi hiyo inawazungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni katika nchi za watu. Daudi alipakwa mafuta, na bado alipotenda dhambi nabii Nathani alimwambia usoni, "Wewe ndiwe mtu huyo." Ukuu wa Daudi uko hapo: alikiri, hakumfukuza nabii.

Mlinzi wa lango: Nathani alitumwa. Wewe umetumwa na nani?

Mzee wa kanisa: Msigombane. 1 Timotheo 5 ina utaratibu: shitaka juu ya mzee lipokelewe kwa mashahidi wawili au watatu, na anayeendelea kukosa akemewe mbele ya wote. Dada, rudi kwa baraza la wazee.

Mama wa maombi: Asirudi, ahame! Kondoo hajadiliani na anayemjeruhi.

Msomaji wa Neno: Akihama kimya, kesho atasemwa mwingine.

Dada Neema: Wazee walinisikiliza, wakaniambia nisamehe. Nimesamehe, lakini tulihama. Huyu wa sasa nilipomsimulia, aliniuliza kama naruhusu amwambie mkewe ili waombe pamoja. Nikasema hapana. Mama mchungaji mpaka leo hajui.

Mwanakwaya: Hajui mpaka leo? Wetu ukimwambia jambo asubuhi, jioni mkewe anakupigia kukupa pole.