Mrejesho: rufaa ya ile kesi yangu ya mkataba wa lori, Texas

Wakuu nimerudi. Niliwauliza kama nikishindwa kesi ya madai hapa Texas naweza kwenda mahakama ya rufaa na zile risiti nilizozipata baadae. Haiwezekani jamani, na iliniuma sana, majaji watatu hawapokei ushahidi mpya, wanasoma mwenendo wa kesi tu kuangalia kama kuna kosa lililoharibu hukumu.

Siku za kupeleka notisi ya rufaa ni 30 tangu jaji asaini hukumu, sio tangu wewe uipate, ila ukiomba kesi isikilizwe upya ndani ya hizo 30 zinakuwa 90. Mimi nimepeleka notisi siku ya 27, karani akagonga muhuri nikaikunja ile kopi nikaiweka kwenye pasipoti. Yaliyosemwa mahakamani unaagiza yachapwe na unalipia mwenyewe, rekodi ikishafika una siku 30 za kuandika hoja.

Halafu hili sikulijua kabisa, rufaa haisimamishi hukumu, usipoweka dhamana aliyeshinda anaweza kukamata mali. Lori bado lipo nje, nalichungulia dirishani kila asubuhi. Wakili kaniambia hoja mbili zina nguvu, tumeanza kuziandika. Asanteni sana mlionihimiza niwahi.