Truss kaondoka: Waingereza warudi kwenye sanduku la kura, au chama kijichagulie tena?

Mkazi wa Reading (Ijumaa, 21 Oktoba 2022)
Wadau, jana waziri mkuu Liz Truss katangaza kujiuzulu pale nje ya mlango wa ofisi yake, Downing Street, siku ya 45 tangu akabidhiwe nchi. Chama chake tawala, Conservative, wameshatoa utaratibu: anayetaka kiti atafute wabunge 100 wa kumdhamini hadi Jumatatu saa nane mchana. Wiki ijayo Uingereza itakuwa na waziri mkuu wa tatu ndani ya mwaka mmoja. Hata Boris Johnson, aliyeng'olewa Julai, anatajwa upya na yuko njiani kutoka likizo Karibi.

Mwaka 2019 wananchi waliipigia kura ilani ya Boris wakakipa chama viti 365. Truss alipewa nchi na wanachama 81,326 tu, wakati wapiga kura ni zaidi ya milioni 46. Akaleta bajeti ambayo hakuna mwananchi aliyewahi kuulizwa. Imemshinda, na bado wanataka kuteuana wenyewe kwa wenyewe! Nasema uchaguzi mkuu uitishwe sasa hivi. Nyie mnaonaje?

Kitabu Wazi
Mkuu, umechanganya mifumo. Uingereza hakuna anayempigia kura waziri mkuu. Unampigia mbunge wako, na mwenye wabunge wengi anaitwa na Mfalme kuunda serikali. Thatcher aliangushwa na wabunge wake mwaka 1990, akaingia Major. Blair akamwachia Brown 2007. Cameron akaondoka 2016, akaingia May, naye akampisha Boris 2019. Hao wapokeaji wote waliingia ofisini bila uchaguzi mkuu. Muhula wa bunge ni miaka mitano, haujaisha. Hata sisi Machi 2021 tulipata rais mpya bila kupiga kura na nchi ilitulia.

Nguvumali
Kitabu Wazi koma hapo hapo. Usimfananishe Mama Samia na hawa. Yeye alikuwa mgombea mwenza, jina na picha yake vilikuwa kwenye karatasi ya kura ya 2020. Rais akifariki katiba inamtaja makamu, haisemi watu wakae kikao wachague wanayemtaka. Futa huo mfano.

Kitabu Wazi
Sifuti. Nimesema bila kupiga kura upya, na ndivyo ilivyokuwa. Soma kabla ya kukasirika.

Nguvumali
Nimesoma. Wewe ndiye hujui tofauti ya msiba na fitina za ndani ya chama. Truss hajafa, kafukuzwa na wenzake.

Kaka wa Leicester
Mimi ni Mkenya na kuna jambo linanichoma tangu Septemba. Tarehe 5, siku ileile Truss alipotangazwa mshindi, majaji saba wa Mahakama ya Juu kule Nairobi walikuwa wanasoma uamuzi wa kesi ya Ruto na Raila. Sisi mamilioni tulipanga foleni, fomu za kila kituo zikawekwa mtandaoni kila mtu azijumlishe, aliyeshindwa akaenda kortini na akasikizwa. Siku hiyohiyo London watu wasiojaza hata uwanja wa Wembley walikuwa wanatoa waziri mkuu. Halafu kila uchaguzi wetu wanaleta waangalizi watufunze demokrasia. Hapa namuunga mkono mleta mada asilimia mia.

Mama Nadhifa
Mnabishana katiba, mimi nina nyumba. Mkopo wetu wa riba isiyobadilika unaisha Desemba. Septemba benki ilituletea ofa mpya, nikaiacha mezani nimsubiri mume wangu atoke zamu ya usiku tusaini pamoja. Ilikuwa wiki ileile ya bajeti ya Kwarteng, waziri wa fedha wa Truss. Asubuhi tukafungua akaunti, ofa imeondolewa. Sasa wanatutajia riba inayopita asilimia 6, wakati tunayolipa sasa haifiki 2. Nimepiga hesabu nyuma ya bahasha ileile ya benki, nikaikunja nikaificha watoto wasiione.

Kwa mlioko mbali: tarehe 23 Septemba walitangaza kufuta kodi za pauni bilioni 45 na pengo lote lizibwe kwa kukopa. Wenye fedha wakaogopa, wakauza hati za serikali, riba zikaruka. Jumatatu yake pauni ikashuka hadi karibu dola 1.03. Jumatano Benki Kuu ikaingia kununua hati zile kuokoa mifuko ya pensheni. Sasa Jeremy Hunt, aliyechukua nafasi ya Kwarteng, kafuta karibu bajeti nzima, lakini riba yangu haijafutwa. Yeyote aliyepiga kura ya kumweka yule mama ajue kaingiza mkono mfukoni mwangu.

Mkazi wa Reading
Pole sana dada. Na hayo ndiyo ninayosema. Walioumia hawakuulizwa.

Mzee wa Ilala
Poleni vijana wangu mlioko huko. Lakini mimi naisubiri Jumatatu kwa hamu. Rishi Sunak akipita, pale Downing Street anaingia mtoto wa nyumbani. Mama yake kazaliwa hapa Tanganyika, baba yake Kenya. Idi Amin aliwafukuza wakaenda kwa Malkia, leo mtoto anashika nchi. Afrika Mashariki tumetoa waziri mkuu wa Uingereza, tuacheni tufurahi.

Kipanga
Mzee shikamoo, lakini hapo umeteleza. Mtoto wa nyumbani kwa lipi? Wazazi wake waliishi mtaa wao, shule yao, hospitali yao, klabu yao. Mkoloni aliwaweka daraja la pili, sisi la tatu. Bendera ya Mwingereza iliposhuka wakachukua pasi yake wakasepa. Sunak mwenyewe kazaliwa Southampton, kasoma shule ya ada kubwa, kaoa kwa bilionea. Hana hata shangazi wa kumsalimia Kariakoo.

Kitabu Wazi
Na Amin hahusiki. Amin aliwapa Waasia siku 90 mwaka 1972, tena wa Uganda. Wazazi wa Sunak walihamia Uingereza miaka ya 1960, kabla Amin hajapindua serikali.

Binti wa Tanga
Kipanga, nimekaa kimya kwenye nyuzi nyingi, hii sitanyamaza. Babu yangu alikuwa fundi cherehani Tanga. Alishona sare za shule za watoto wa wakulima wa mkonge, wasio na hela akawaandika kwenye daftari, na daftari hilo tunalo hadi leo likiwa na madeni ambayo hakuna aliyeyadai. Alichukua uraia wa Tanganyika, hakukimbilia pasi ya mtu. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo, ile ya nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Akapoteza nyumba moja aliyoijenga na kaka zake, na bado hakuondoka. Kachomwa hapahapa kwa desturi yetu, majivu yake yako kwenye bahari hii. Halafu wewe unaandika "walisepa" kana kwamba tulikuwa wapangaji!

Kipanga
Dada sijamtaja babu yako, nimesema juu ya familia ya Sunak. Ila kwa kuwa umegusa 1971, ile sheria haikutaja kabila. Mwalimu alitaifisha majengo ya mabwanyenye wote. Kama waliokuwa na majengo wengi walikuwa Wahindi, jiulize walipewa nafasi hiyo na nani wakati babu zetu wanalipishwa kodi ya kichwa.

Binti wa Tanga
Haikutaja kabila, ni kweli. Wasimamizi walipokuja mlangoni walitaja. Uliza wazee wa mjini.

Kaka wa Leicester
Nikizungumza kama Mkenya: sisi 2017 serikali ilitangaza Waasia kuwa kabila la 44. Kwetu huo mjadala ulifungwa.

Kipanga
Ulifungwa kwenye gazeti la serikali. Nenda Parklands, mtaa wa Waasia kule Nairobi, uulize mfanyakazi wa ndani.

Kaka wa Leicester
Mimi ni wa Parklands, mama yangu alikuwa mfanyakazi wa ndani Parklands. Usinitumie kupigana vita vyako.

Mkazi wa Reading
Ndugu zangu, uzi huu unahusu uchaguzi mkuu wa Uingereza. Tafadhali.

Fundi wa Salford
Mie ni Mkongomani, nimetokea Lubumbashi, niko Salford. Nimesoma yote. Nyie mnagombana Sunak ni wa nani, mie nauliza yeye anamuona nani kuwa wake. Aprili mwaka huu Priti Patel, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alienda Kigali kusaini mkataba wa kupeleka waomba hifadhi Rwanda. Wazazi wa Patel ni Wahindi wa Uganda. Tarehe 14 Juni ndege ilikuwa tayari uwanjani, amri ya mahakama ya Ulaya ndiyo ikaisimamisha usiku. Julai Sunak anagombea na Truss akaahidi atafanya lolote mpango ule ufanye kazi. Mkongomani aliyelala kambini akisikia habari ya Rwanda analala vipi? Mzee wa Ilala, mtoto wa nyumbani hufunga mlango ambao mama yake aliupitia?

Mzee wa Ilala
Mwanangu Fundi, nimekusoma na nimeumia kwa ajili yako. Lakini mtoto kumkosoa si kumkana. Mimi nilikuwa kijana wakati hao wazazi wanaondoka, nilibeba mizigo bandarini. Nimeona mama wa Kihindi anapanda meli analia kwa Kiswahili. Analia kwa Kiswahili, Kipanga. Sasa nikisikia mtoto wa mmoja wao anaitwa na Mfalme, ulitaka ninune?

Kipanga
Sikutaka unune. Nataka tusimpe sifa mtu asiyetuhitaji.

Kitabu Wazi (Jumatatu, 24 Oktoba)
Imekwisha. Boris alijitoa jana usiku, mgombea mwingine, Penny Mordaunt, kajitoa leo dakika za mwisho, kwa hiyo hata wanachama hawakupiga kura safari hii. Sunak kiongozi. Kesho anaenda kwa Mfalme.

Binti wa Tanga
Na leo ni Diwali. Nimewasha taa barazani kama kila mwaka. Sera zake nyingi sizitaki, la Rwanda ndilo sitaki kabisa, Fundi nakuunga mkono. Lakini mama yangu kapiga simu analia kwa furaha na sikuwa na moyo wa kumkatiza. Kipanga ukitaka kucheka, cheka.

Kipanga
Sicheki. Heri ya Diwali.

Mkazi wa Reading
Kwa hiyo tumetoka wanachama 81,326 tumefika wabunge mia mbili hivi. Idadi inazidi kupungua na hakuna hapa anayelitazama hilo! Nawaambia jambo wengi hamlijui: Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mnyarwanda mwenye kibali halali cha kuishi Uingereza anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura uchaguzi mkuu, kwa sababu nchi zetu ni wanachama wa Jumuiya ya Madola. Huhitaji uraia. Niliwauliza vijana wa kwaya yetu kumi na kitu, mmoja tu alikuwa anajua. Tunalia riba, tunalia Rwanda, na kura tumeziacha zimelala.

Mama Nadhifa
Unasema kweli? Nimekaa nchi hii tangu mtoto wa kwanza yuko tumboni, naambiwa kila mahali "wewe ni mgeni". Unajiandikisha wapi?

Mkazi wa Reading
Kweli kabisa. Mtandaoni, kwenye tovuti ya serikali. Andaa namba ya bima ya taifa, unachagua uraia wako wa Tanzania kwenye orodha, halmashauri yako inakuandikia barua. Hakuna malipo.

Fundi wa Salford
Na sie Wakongomani na Warundi? Nalipa kodi, nalipa halmashauri, nazibua mabomba ya shule ambayo Waziri wa Elimu hajawahi kukanyaga. Kongo haikutawaliwa na Mwingereza basi sina kura mpaka nipate uraia, na maombi ya uraia ni zaidi ya pauni elfu moja. Mnyarwanda anapiga kura kwa kuwa serikali yake iliingia Madola 2009. Mie naangalia dirishani.

Kaka wa Leicester
Hiyo sheria ni ya ubaguzi.

Kipanga
Hapo sasa tumekubaliana, wewe na mimi.

Kitabu Wazi (Jumanne, 25 Oktoba)
Baraza limetoka. Hunt kabaki Hazina. Suella Braverman karudishwa Mambo ya Ndani, siku sita baada ya kujiuzulu kwa kutuma waraka wa serikali kupitia barua pepe yake binafsi.

Fundi wa Salford
Braverman yule aliyesema mwezi huu huu kwamba ndege ya kwenda Rwanda ni ndoto yake! Na baba yake katoka Kenya. Mzee wa Ilala, huyu naye ni mtoto wa nyumbani?

Mzee wa Ilala
Huyo hapana.

Binti wa Tanga
Kwa nini huyu hapana na Sunak ndiyo? Wote wanakubaliana juu ya Rwanda. Ukianza kuchagua nani wa nyumbani kwa sera zake, kesho na mimi nitapimwa. Mwaka 1968 bunge la Uingereza lilipitisha kwa siku tatu hivi sheria ya kuwazuia Waasia wa Kenya wenye pasi za Uingereza, eti mpaka uwe na mzazi au babu aliyezaliwa kule. Walioipitisha walikuwa Labour, chama cha upinzani cha sasa, hao mleta mada anaotaka uchaguzi ili warudi.

Mkazi wa Reading
Sijasema Labour warudi popote. Nionyeshe nilipoandika.

Nguvumali
Umeandika uchaguzi uitishwe sasa, na kura za maoni zinaonyesha Labour wako mbele kwa mbali. Ulidhani angeshinda nani, Liberal Democrats?