"Bottom" ya chombo ni NJE! Mkalimani huyu anyang'anywe kalamu

MkukuWaMvule:
Mnamjua. Lamu nzima mnamjua, na Malindi pia, maana hakuna kibao wala karatasi mwambao huu asiyoitia mkono wake. Sasa katafsiri maelezo ya rangi ya mashua. Kiingereza kinasema "apply two coats to the bottom". Yeye kaandika: "Paka mara mbili chini, ndani ya chombo." NDANI! Bahari yala mbao kwa nje, yeye apaka tumboni!

"Bottom" ya glasi yaweza kuwa ndani, pale sukari inapolala, au kile kitako kinachokaa mezani. Kitu chenyewe ndicho kinachoamua. Kwa chombo, "bottom" ni mbao zote za nje zinazozama majini, mkuku (ule mti mkuu wa chini) na pande zote mbili. Chini kwa ndani ni ngama, na Waingereza nao wana neno lake, "bilge". Wangeandika "underside" asingepotea, maana hiyo haina ndani kabisa, ni upande unaotazama ardhi tu.

Na rangi yenyewe ina shaba ya kuua vijidudu vya magamba na mwani vinavyoganda mbaoni! Ngamani ndimo samaki na barafu hukaa! Ndani, jamani. NDANI!

KofiaYaVito:
Ami, shusha tanga kwanza. Nawe umeacha jambo. Mbao "zinazozama" kikiwa kitupu au kikiwa na shehena? Chora mstari kikiwa kimepakia, upake mpaka juu yake kidogo. Ukifuata maji ya chombo kitupu, siku ya mzigo mbao zisizo na rangi zinakwenda chini, na mwani unaanzia hapo hapo.

MkukuWaMvule:
Hilo nakubali. Lakini NDANI?

BintiMkomani:
Shukuruni hajaandika zaidi. Kuna katoni ya friji ambayo "bottom" imekuwa "makalio". "Makalio yakae chini." Friji! Neno kitako limekwenda wapi? Chungu kina kitako, sufuria ina kitako, friji inashindwa nini? Na maagizo yale si ya mchezo: friji ikilazwa au ikipinduliwa, mafuta ya kompresa huingia kwenye mabomba. Ukishaisimamisha, iache saa kadhaa ndipo uwashe.

ShelaKusini:
Makalio ya friji 😂😂 Na uvungu je? Wako wanaosema "underside" ya kitanda ni uvungu. Uvungu ni ile nafasi iliyo wazi, panapowekwa sanduku. "Underside" ni mbao yenyewe, upande wake wa chini. Mwambie fundi apake vanishi uvunguni, atapaka sakafu.

MkukuWaMvule:
Sawa, lakini turudi kwa huyu bwana. Paka NDANI...

MalindiMchana:
Rangi za kopo zenyewe za nini? Deheni imefanya nini? Chokaa na shahamu, moto kidogo, unapaka kwa mkono. Subiri bamvua, maji makuu, chombo kipwelewe, upake ubavu mmoja. Maji yakijaa kinaelea, unakilaza upande wa pili, maji yakitoka unamalizia. Lakini kalafati, kuziba nafasi za mbao kwa pamba, ije kwanza! Bila kalafati hiyo deheni ni poda ya uso tu.

KofiaYaVito:
Kalafati ya siku hizi ndiyo balaa. Mafundi wanashindilia pamba mpaka mbao zinalia. Mbao ikinywa maji inafura, ikikosa nafasi inasukuma mwenzake, misumari inalegea. Ikiwa legevu nayo, wimbi linaing'oa.

BintiMkomani:
Na mafuta je? Pamba iloweshwe mafuta ya nazi, si mabaki ya injini.

MkukuWaMvule:
Jamani, ile karatasi bado iko pale dukani! Inasema NDANI!

MalindiMchana:
Tumesikia, Ami. Haya, pamba ikikosekana, sufi ya mito yafaa?

ShelaKusini:
Haifai. Nyuzi zake fupi tena zateleza, hazisokoteki. Tafuta pamba yenye nyuzi ndefu, uisokote kamba unene wa kidole cha mwisho kabla ya kuipiga.